Mafuta Kwenye Mafuta

Kabla sijaifikia mashine ya ami yangu, acha nianze na punda. Najua punda hahusiki, lakini kila nikitaka kuikumbuka siku ile ya mashine, anayetangulia kuja ni punda, na nimechoka kumfukuza.

Nilikuwa mtoto wa kwenda chuoni na ubao kwapani, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota. Pale Dunda, karibu na soko, punda mmoja aliyebeba chokaa alisimama katikati ya njia akagoma. Mwenyewe akamvuta, akamsukuma, akamchapa kwa henzirani, punda kimya. Watu wakajaa, na sisi watu wa Bagamoyo kila mmoja ni mganga. Huyu akasema punda ana njaa. Yule akasema kaona jini. Mwingine akaapa kwamba ni jike na ana mimba, wakainama kumtazama, kumbe dume, tukacheka. Mwisho mama mmoja muuza vitumbua akaacha karai lake motoni, akaja akapitisha mkono chini ya shogi, lile kapu la mizigo la mgongoni, akatoa kipande cha kigae kilichokuwa kikimchoma mnyama mpaka damu. Punda akaenda zake. Ninalolikumbuka sana ni kwamba yule mwenye punda, baada ya kuoneshwa kigae kwa macho yake, alimchapa tena fimbo moja. Ya nini, sijui mpaka leo.

Mimi tangu siku ile nikaingiwa na ugonjwa wa kutaka kujua kitu kimekwama wapi. Kusoma sikusoma. Kurani nilihitimu, lakini shule ya serikali niliishia darasa la pili, baba akaanza kuumwa, nikaenda shamba. Lakini karabai ikizimika kwenye harusi, naitwa mimi. Cherehani ikikata nyuzi, naitwa mimi. Baiskeli za mji mzima zimepita mikononi mwangu. Usiniite fundi, maana fundi ni mtu aliyefundishwa. Mimi nilikuwa mtu wa kufungua na kuchungulia, na mara nyingine nikishafunga, kitu kimoja kinabaki mkononi. Ipo karabai ya shangazi yangu iliyowaka vizuri miaka mingi na skrubu yake moja ikiwa ndani ya kopo langu.

Basi, miaka ile baada ya vita vya pili, ami yangu, mdogo wake baba, alipata mashine ya boti. Alikuwa na mashua ya kupeleka watu na mizigo Saadani, na mashine aliipata kwa Mgiriki mmoja wa mashamba ya mkonge aliyekuwa anahama. Ilikuwa ya kufungwa tezini, kule nyuma, kichwa juu, mguu mrefu majini, na rafadha yake mwishoni kama ua la shaba. Hakuna kitu ami alichokipenda kama kile. Akitoka msikitini anapitia kuitazama. Mvua ikinyesha anaivisha gunia. Mkewe alikuwa akisema laiti na yeye angevishwa gunia, angalau angejua anakumbukwa.

Aliyekuwa akiiendesha ni kijana mmoja Mkwere kutoka upande wa Msata. Alikuja mjini amebeba mahindi ya watu, akakaa kwa ami, akafanya kazi, akajifunza bahari kama mtu anayejifunza lugha, polepole na bila aibu ya kuuliza. Watu wa ufukweni walimtania: mtu wa jembe ataifanya nini bahari, ataipalilia? Yeye anacheka. Alikuwa mpole, lakini upole wa mtu anayejua uzito wake. Baada ya misimu kadhaa akaleta posa kwa binti wa ami, na ami akaikubali, jambo lililowashangaza wengi, mimi mmoja wao. Mimi nikaanza kumwita shemeji kabla ya wakati wake.

Ndoa ilikuwa iwe Ijumaa baada ya swala. Jumatano mashine ikafa.

Walikuwa wanarudi kutoka Saadani. Shemeji alisimulia kwamba ilianza kulia kama inayosaga mchanga, ikapiga kelele moja nyembamba, ikanyamaza. Kamba ya kuwashia akaivuta, ikamvuta yeye. Wakatweka tanga, wakafika magharibi. Ami alipooneshwa alikwenda barazani kwake, mbele ya wazee na majirani, ndipo akasema. Alisema mashine ikiwa imekufa kwa ajali yake, ndoa ipo pale pale. Ikiwa ameiua mtu, basi binti yake hampi mtu wa kuua vitu. Na wa kuamua ni mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye mikono ya kufungua.

Sikulala vizuri. Mashine ya boti sikuwa nimefungua hata moja. Nilichokuwa nacho ni pikipiki ya mwalimu mmoja wa misheni niliyokuwa nikimsafishia, basi.

Alhamisi asubuhi tukaifunga kwenye gogo la mnazi pale ufukweni. Ami akakaa juu ya kasha, tasbihi mkononi. Wachukuzi na wauza samaki wakasogea, maana kazi ya mwingine haichoshi. Shemeji akachuchumaa upande wangu, ile kamba ya kuwashia ameizungusha kwenye kiganja, anaifungua, anaizungusha tena. Nikamsalimia, akanijibu vizuri. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama inafunguka. Nikamwambia tutaona.

Kwanza nikavuta kamba mwenyewe. Hakuna kitu. Si ugumu wa kawaida, ule unaokupa kidogo kisha ukakunyima. Hii ilikuwa kama kuvuta mnazi. Nikasema moyoni, ewe Mola, iwe ni kitu cha chini, kule kwenye ajali za bahari. Nikaenda kwenye rafadha, na kweli, nyuma yake kwenye mhimili nikaona mshipi wa kuvulia umejisokota, mweusi, umeingia ndani kabisa. Nikawaonesha. Ami alisogeza kichwa, na nikaona mabega yake yanashuka. Mshipi ni ajali. Mshipi hauna mwenyewe baharini. Muuza samaki mmoja akasema basi arusi ipo, na yeye ndiye atakayeleta changu wa pilau. Watu wakacheka, hata shemeji.

Nikaukata mshipi wote kwa kisu, nikauvuta mpaka uzi wa mwisho. Nikavuta kamba. Mnazi ule ule.

Kicheko kikakatika. Nikasema labda gia zimeng'ang'ana kule chini mguuni. Nikachukua spana, nikaanza kuutenganisha mguu na kichwa, nati moja baada ya nyingine, kutu na chumvi zimezishika, jasho linaniingia machoni. Wakati ule nilikuwa nasema peke yangu, kosa liwe chini, kosa liwe chini. Mguu ukatoka. Nikaishika rafadha kwa vidole viwili nikaizungusha. Ikazunguka laini, kama gurudumu la baiskeli mpya. Chini hapakuwa na ubaya wowote. Nikaenda kwenye gurudumu la juu, nikalishika kwa mikono yote miwili. Halikutikisika.

"Kiko juu," ami akasema. Hakuwa ameuliza.

Nikasema kiko juu, lakini huenda ni maji. Maji yakiingia ndani ya silinda yanaizuia pistoni, na maji nayo ni ajali. Nilitaka sana yawe maji. Nikafungua plagi. Plagi ya mashine nzima ni kitu kinachosema ukweli bila kuulizwa: ile ya mwalimu ilikuwa ikitoka nyeusi, ina mafuta mafuta. Hii ilitoka nyeupe, kavu, kama mfupa uliokaa juani. Halikutoka hata tone la maji. Nikaingiza kidole tunduni, kikatoka kikavu.

Shemeji alikuwa ananitazama usoni, hatazami plagi.

Nikamwaga mafuta ya taa kwenye tundu, nikaongeza na ya nazi, nikasema tusubiri yashuke. Kusema kweli nilikuwa najinunulia muda. Jua likapanda. Ami akamaliza tasbihi akaanza upya. Hakuna aliyeondoka. Baadaye nikapitisha kipande cha mti kwenye gurudumu, nikalisukuma mbele, nikalirudisha, mbele, nyuma, likatoa mlio wa kukwaruza uliotuuma meno sote. Likazunguka kidogo likasimama. Nikafungua kichwa chenyewe. Mle ndani, ukutani mwa silinda, palikuwa na mikwaruzo ya juu chini kama kucha za paka, na pistoni imebabuka ubavuni, imejipaka ukutani. Chuma kilikuwa kimesugua chuma bila kitu kati yao.

Nilijua wakati ule ule. Ile pikipiki ya mwalimu nayo ilikuwa ya kuchanganyiwa, petroli na mafuta mazito pamoja, kwa sababu haina mahali pengine pa kunywea. Bado nikataka kuwa na hakika. Nikaomba debe walilosafiri nalo. Nikamimina kidogo kiganjani. Kikawa baridi, kikakauka, mkono ukabaki na weupe. Nikasugua vidole, vikakwama. Kungekuwa na mafuta mazito mle, vingeteleza.

Ami akashuka kutoka kwenye kasha. "Sema, mwanangu. Usinifiche."

"Imekosa mafuta, ami."

Shemeji akasimama. "Imekosaje mafuta? Debe zima nilibeba mimi, tangi nikajaza. Hilo hapo. Hata robo halijaisha."

Nikamwambia hayo ni petroli. Akasema ndiyo, mafuta. Nikamwambia yapo mengine, mazito, ya kuchanganya. Akasema yale ya kwenye chupa ya kijani bandani? Yale alikuwa akipaka bawaba za mlango. Watu wakaanza kucheka, nami nikainua mkono wanyamaze, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona kigae kiko wapi. Nikamgeukia ami, nikamuuliza kwa adabu alimwambiaje kijana siku alipomkabidhi kazi ya kutia mafuta. Kabla ya hapo ami alikuwa akitia mwenyewe, kisha miguu ikaanza kumsumbua, ndiyo safari ile ya Saadani akamwachia.

"Nilimwambia kama nilivyoambiwa mimi na Mgiriki," ami akasema. "Tia mafuta kwenye mafuta."

"Nami nikatia mafuta kwenye mafuta," shemeji akasema. "Yalikuwemo kidogo ndani ya tangi. Nikatia mengine."

Sasa wewe niambie. Siku hizi kila mtoto anasema oili, lakini wakati ule nyumbani kwetu petroli ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya nazi ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, hata ya nyama. Ami alimwona Mgiriki akichanganya, kwa hiyo yale maneno kwake yalikuwa na picha. Shemeji alipewa maneno bila picha. Nikalieleza hilo pale pale kwa sauti, kila mtu asikie, na nilidhani nimeiokoa ndoa. Hata wachukuzi walikuwa wanatikisa vichwa, wanasema loo, kweli, hata mimi ningetia hivyo hivyo.

Ami naye alielewa. Mimi nilikua mikononi mwake, uso wake naujua. Alielewa, kisha akawatazama watu waliomzunguka, na maneno yake ya barazani yalikuwa bado yako shingoni mwake. Akasema haya, yeye si mtu mbaya. Mashine imeshakufa, haitafufuka. Kijana aseme tu mbele ya hawa, kwamba kosa ni lake na anaomba radhi, na kesho ndoa itafungwa.

Ni neno dogo. Mimi ningelisema. Nilimbonyeza shemeji kwenye mguu alipochuchumaa tena, nikamnong'oneza aseme yaishe, mzee anatafuta mlango wa kutokea. Akaendelea kuizungusha kamba kiganjani. Yule muuza samaki akasema, "Sema, mtu wa jembe, upewe mke. Kwani hata mahindi hupaliliwa kwa kuinama."

Watu wakacheka, na ami naye akacheka. Nadhani kicheko kile cha ami ndicho kilichokata.

Shemeji akainuka. Akaizungusha ile kamba mizunguko myembamba, akaiweka juu ya kichwa cha mashine pale ilipokuwa ikikaa siku zote.

"Maneno yalikuwa yako, baba," akasema. "Mimi niliyatii."

Hakuyasema kwa hasira. Akaenda mpaka kwenye maji, akainama, akachukua mchanga mbichi akausugua mikononi, akasuuza, akasugua tena mpaka kwenye viwiko. Adhana ya adhuhuri ikaanza. Ami akaniambia kijana anatawadha, akirudi kutoka msikitini atakuwa amepoa, na alasiri atasema. Nikaitikia. Nikarudi kuokota nati zangu mchangani, nikihesabu isije ikabaki moja. Nilipoinua macho shemeji alikuwa amekwishavaa shati, anapanda njia ya mchanga ya kwenda mjini. Aliupita msikiti. Akaupita uchochoro wa nyumba ya ami, ambako binti alikuwa ndani na hina mikononi, hakugeuza hata shingo. Akashika barabara ya bara, akitembea kama mtu anayekwenda shamba mapema, bila haraka, wala hakurudi.