Spana ya Mshale na Ndoo ya Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilikata bolti. Ilikuwa gereji ya misheni, hapa hapa Mbinga. Nilikuwa nimetoka shambani na nguvu za dume la ng'ombe na elimu ya darasa la nne. Mkuu wa gereji alikuwa bruda mmoja mfupi, tukimwita Bruda Fundi. Akanipa spana, akanionyesha bolti ya injini ya pikipiki ya padri, akasema, "Kaza." Nikakaza. Nilitaka aone kwamba safari hii amepata mtu. Ikalia ta! Kichwa cha bolti kikabaki kwenye spana, mwili ukabaki ndani ya injini.

Bruda hakugomba. Alikwenda kabatini akatoa spana ndefu yenye fito mbili, moja nene yenye mpini, ya pili nyembamba kama mshale, ncha yake juu ya kibao cha namba. Ukikaza, ile nene inapinda kidogo, nyembamba haipindi, basi mshale unaonyesha umetumia nguvu kiasi gani. Mafundi wa siku hizi wanaiita toki renchi. Sisi tulisema spana ya mshale.

"Hii ndiyo fundi," akaniambia. "Wewe ni mkono tu. Mkono ulioshiba unakaza hivi, wenye njaa unakaza vile."

Lakini hata hiyo spana hakuiamini. Kila baada ya muda aliibana kwenye vaisi, lile koleo la mezani, ikalala sawa, akaning'iniza ndoo pale mkono unaposhika na kumimina maji kwa lita. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa padri na kwa mpagani. Kilo kumi zikining'inia kwenye mpini wa mita moja, kibao kisome mia moja, kasoro kidogo. Mpini wa nusu mita, kisome nusu yake. Kisiposoma hivyo, spana inasema uongo. "Maji hayana ndugu," alikuwa akisema.

Maneno hayo yaliniingia haraka, maana mimi ni mtoto wa kahawa, na mtoto wa kahawa hazaliwi na imani ya mizani. Marehemu baba alipopeleka mavuno ghalani, gunia lilikuwa begani na mfukoni alikuwa na jiwe ambalo uzito wake anaujua. Kwanza jiwe lipande mizani, ndipo gunia. Karani akinuna, na anune. Siku moja karani alimwambia, "Mzee, mbona unanitukana mbele za watu?" Baba akajibu, "Sijakutukana wewe, nimekitukana chuma." Nami mpaka leo nikinunua usipa, wale dagaa wa ziwani, najaza kopo mwenyewe.

Nimepotea, turudi gereji.

Kutoka misheni nilihamia karakana ya malori ya kubebea kahawa. Huko mkubwa wangu aliitwa Fomeni, na yeye dini yake ilikuwa nyingine. "Fundi wa kweli ana mshale begani," alisema. Alikuwa ananifanya nikaze nati kwa spana ya kawaida, halafu anapima nyuma yangu. Mwaka wa kwanza alinicheka. Baadaye akisema sitini, mkono wangu unatoa sitini. Akiweka spana ya mshale, nati haisogei mpaka mshale ufike pale pale. Nikavimba kichwa. Nilipokwenda Ngaka kwenye malori ya makaa ya mawe, Msimamizi wa Usalama akaja na daftari lake, ananiambia kila nati ya gurudumu ikazwe kwa kipimo. Nikamwambia, "Bosi, pima utakavyo." Akapima gurudumu zima, hakupata kosa. Nikastaafu na cheti na majivuno hayo.

Sasa nije kwa binti yangu Konsolata. Yeye ni mkunga, kazi yake iko kwenye zahanati ya huko ufukweni mwa ziwa, na pikipiki ndiyo miguu yake. Anapanda kuja kunisalimia, anateremka kurudi. Anayeijua barabara ya kuteremka kwenda Mbamba Bay anajua kona zile zinataka nini kwa pikipiki. Akija mimi hukaza mnyororo, yaani nalegeza nati ya ekseli ya nyuma, navuta gurudumu, nakaza tena kwa mkono, sitini.

Siku moja akapiga simu. "Shikamoo baba. Nimesimama konani. Mnyororo unaruka, gurudumu limekaa upande. Nati imelegea."

"Marahaba. Uliipaki wapi?"

"Zahanati."

"Basi kuna mkono wa mtu. Hao vijana wa bodaboda hapo nje wanakuonea wivu."

Nilimwambia ailaze ndani. Akailaza ndani, karibu na kitanda. Baada ya safari mbili, ikalegea tena. Nikamshuku mlinzi wa zahanati. Nikaishuku nati, nikanunua mpya, nikamshuku aliyeniuzia. Konsolata akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba, nataka kununua spana ya kupimia. Ya bei yangu. Niwe nakaza mwenyewe."

"Za siku hizi ni bati."

"Twende ukazikague. Si wewe ndiye mwenye ndoo?"

Tukaenda Kitai, kwenye duka moja la spea, mimi na ndoo yangu na futi ya fundi cherehani. Ile ndoo nilikuwa nimeshaining'iniza nyumbani kwenye ncha moja ya ufito, chupa ya lita moja ya maji kwenye ncha ya pili, ufito ukalala sawa. Kwa hiyo ndoo tupu ni kilo moja. Muuzaji alikuwa na spana mbili ambazo mtumishi anaweza kuzinunua bila kuuza ng'ombe. Moja inang'aa, imo kwenye sanduku jekundu. Hiyo unazungusha mpini mpaka namba unayotaka, ukifika inalia ka. Ya pili ni ya mshale, ina vumbi, imetupwa nyuma ya mipira ya tairi.

"Mzee, chukua hii ya sanduku. Orijino."

"Orijino ya wapi?"

"Ya... ya huko huko inakotoka."

"Jirani yako mchomeleaji ana vaisi. Tuazimie."

"Mzee, umekuja kununua spana au kuchota maji?"

Watu waliokuwa wakingoja basi wakasogea kutazama. Nikabana ile inayong'aa, nikaipima kwa futi, nusu mita kutoka katikati ya kichwa. Nikaitega sitini. Ilipaswa kulia kwenye kilo kumi na mbili, yaani ndoo na lita kumi na moja. Mara ya kwanza ikalia kwenye nane. Mara ya pili nikafika kumi na sita, kimya. Mara ya tatu ikalia sijamaliza hata kuiachia ndoo. Watu wakacheka. Muuzaji akasema maji ya Kitai ni mazito.

Ile ya mshale ilikuwa na nusu mita pia. Ndoo na lita kumi na moja: mshale ukasimama kwenye sitini, pungufu ya unywele. Mara tatu, pale pale. Konsolata akainunua. Njiani nikamwambia asiiangushe, asiitumie kulegeza nati iliyoshika kutu, na aitazame namba kwa kusimama juu yake, si kutoka ubavuni.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata koti. "Baba, ile nati uliyoikaza asubuhi. Tuipime."

"Pima. Hiyo ni sitini."

Akaivuta taratibu. Mshale haujagusa thelathini, nati ikazunguka. Laini, kama kifuniko cha chupa.

"Spana mbovu hiyo," nikasema.

Alikwenda akachukua ndoo, akaiweka miguuni pangu.

Niliitazama ile ndoo. Spana nilikuwa nimeipima mwenyewe, mbele ya watu, mara tatu. Niliutazama mkono wangu wa kulia, ambao asubuhi hizi hauwezi hata kufungua kopo la chumvi, nami nikawa nalishuku kopo. Nikawakumbuka wale vijana wa bodaboda ambao sijawahi kuwaona. Nikaikumbuka kona.

"Kwa hiyo ni mimi," nikasema.

"Ni mkono tu, baba."

Cheti changu cha kustaafu kina tarehe nyingine, lakini mimi nilistaafu mchana ule. Sasa Konsolata hukaza mwenyewe, sitini, nami nasimama juu ya kibao namsomea namba. Nati haijalegea tena. Nilipomtumia salamu yule mlinzi, alishangaa, hajui nilimkosea nini.

Lakini kila akija, kabla hajaigusa pikipiki, spana inaingia vaisini.

"Baba, bado huiamini?"

"Iliteremka na wewe ziwani. Nani anajua imekutana na nani huko? Lete maji."