Baba Adhani Wimbo Wangu Ni Kasida

Admin, jina langu usilitoe, huku Likoni twajuana sote. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mbili, mkaazi wa Timbwani, naimba na kupiga gitaa kwenye bendi ya roki. Ndiyo, roki, na mimi mtoto wa maalim. Chekeni mmalize kisha mnisikize, maana kwa aibu niliyonayo hata chakula hakipiti.

Babangu alisomesha madrasa hadi macho yakamchoka. Nilipoingia bendi alisema ni makelele ya mashetani, akanikatia salamu. Nikisema shikamoo, ageuza uso. Tumeishi hivyo miaka, nyumba moja.

Albamu yetu ya pili ndiyo iliyotutoa. Ina kila kitu: magitaa ya kupasua masikio, chakacha, rege, ngoma ya mwanzele ya wenzangu wa Kisauni, na wimbo mmoja mpole wa dufu na sauti yangu tu. Huo mpole ndio uliovuma. Ndani nasema, "Kipenzi, nuru ya macho yangu, lini nitafika mji wako nikusalimu." Nilimtungia mwanamke wa Port Reitz aliyeniacha. Jina sikulitaja, ni mke wa mtu sasa.

Basi dadangu akamwekea baba kwenye simu. Mzee akalia. Akaniita, nikaitika naam, akanishika mkono. "Kumbe wamtungia Mtume kasida, nami nimekununia miaka yote hii. Niwie radhi, mwanangu."

Baba mzima, aniombe radhi mimi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake nikajibu, "Yameisha, baba," kwa sababu nilikuwa na hamu ya ule mkono wake.

Sasa kila baada ya alasiri awasikizisha wazee wenzake barazani. Awaeleza kuwa mji ule ni Madina. Wallahi ni Port Reitz, karibu na uwanja wa ndege. Wazee waitikia mashallah, nami napita kichwa chini kama mwizi wa viatu vya msikitini.

Juzi kaja na kubwa zaidi. Maulidi ya mtaa wetu yakaribia, na ameshamwambia imamu kwamba nitaisoma kasida hiyo mbele ya watu. Kanzu kaninunulia mwenyewe. Nikikubali, nitasimama mahali anaposwaliwa Mtume nikimwimbia mke wa mtu. Nikisema ukweli, nitamfedhehesha kwa wazee aliowaringia, na salamu ataikata tena, safari hii naona hadi kaburini. Nilijitia mgonjwa, akaniletea asali.

Jana nikamwambia, "Baba, naogopa nitakosea mbele za watu."

Akacheka, akasema, "Usiogope. Nitasimama kando yako tusome pamoja, maneno yote nimeshayahifadhi."

Jamani, nyinyi wenye baba zenu, mtu kama huyu naanza kumwambia vipi?