Kiti Kimoja cha Mbele

Jumamosi mimi na mke wangu tulifuata gari letu gereji moja ya mtaa wa Tyseley. Tukamkuta mama Mkongomani akiuza gari la marehemu mumewe, gari pana la Kimarekani la miaka ya baada ya vita kuu ya pili: gia kwenye usukani, kiti cha mbele kimoja, mlango hadi mlango. Mnunuzi, bwana Mkenya, akamkaribisha wazunguke mtaa mara ya mwisho, yeye akiendesha. Mama akaingia, akajisogeza kwa mazoea mpaka katikati, bega likamgusa dereva.

"Mama, songa tu kwa dirisha. Nafasi iko ya kutosha."

"Nafasi? Iko mingi ku nyumba."

Akasogea dirishani.

Tulirudi nyumbani Selly Oak, kila mtu na kiti chake, breki ya mkono katikati. Watengeneza magari wa leo huiita hiyo starehe.