Aliyejenga Ngazi Hizi

Mwashi alitua ndoo ghorofa ya pili, akaegemea ukuta. Pampu ya maji ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita, na magoti yake nayo yalikuwa njiani kuifuata. Nyumba hizi za serikali alizijenga mwenyewe, na ngazi zake zote. Msimamizi, mtu wa kubana saruji utadhani ya mama yake, aliamuru kila ngazi ipunguzwe vidato viwili, na vilivyobaki viongezwe kimo. Mwashi hakuguna. Nyumba za watu, zinamhusu nini! Halafu mtaa wao ukabomolewa, wakagawiwa nyumba hizihizi kwa bahati nasibu, naye akaangukia ghorofa ya nne.

Bibi wa mlango wa pili akamfikia, ndoo mkononi, anahema juujuu.

“Mwanangu, wewe ni fundi. Hebu niambie, aliyejenga ngazi hizi alikuwa na akili timamu kweli?”

Kila siku swali ni hilohilo, na kila siku yeye hujikohoza akapanda zake. Leo hata kikohozi kilimwishia. Akachukua ndoo ya bibi kwa mkono wa pili.

“Akili alikuwa nazo, mama,” akasema. “Ila alidhani hatapanda yeye.”