Waya wa Kuongea na Brazili

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Shule niliacha darasa la tatu, lakini redio ya kuongea na Brazili niliitengeneza kwa mikono hii, hapa Likasi, wakati raia aliyekutwa na chombo kama hicho aliitwa mpelelezi na hakuonekana tena.

Jumamosi moja mchana, Mbrazili niliyezoea kuongea naye akiwa ananiita redioni vizuri kabisa, nikasikia mtu wa usalama uani.

"Mama, huu waya ni ya nini?"

Ndio uliokuwa ukirusha sauti yangu, kutoka paa hadi mti wa avoka.

"Kamba ya manguo, papa," mke wangu akajibu.

"Anika basi, nione."

Akaanika. Mimi ndani nimeifunika redio kwa mto na kuilalia, inanichoma tumbo, na Mbrazili bado anaita.

Yule mtu akakwaruza waya kwa ufunguo. "Aa! Mama anaanika kaptula juu ya kuivre! Mulitosha wapi? Ku kampuni, ehn? Buluo nafasi iko!"

Redio hata hakuiwaza. Kwake nilikuwa mwizi wa shaba ya kampuni ya migodi, na kwa shaba pia watu waliozea gereza la Buluo. Nikatoka, nikamwambia waya niliutoa kwenye mota iliyoungua, na ilikuwa kweli. Akacheka. Nikampa pesa yote ya karakana yangu. Mke wangu akafungua fundo la kikwembe alichojifunga kiunoni, akaongeza sarafu za sokoni. Yule mtu akauviringisha waya, akaondoka nao.

Pesa yote tuliyompa: zaire thelathini na makuta arobaini na tano.