Baridi Ilivyojibu Posa ya Dada Yangu

Nnalieleza hili kwa mdomo wangu kabla hamjalisikia kwa mke wangu Salma, maana yeye akilisimulia hulitia chumvi, na wallahi chumvi iliyokuwemo inatosha: mimi, Khalfan, mtu mzima mwenye mvi zake, nilikaa mbele ya wakwe nimejitanda kanga ya kufunikia sufuria ya pilau, nikakaribia kumuoza dada yangu kwa kutetemeka.

Tumezaliwa wawili, mimi na Raya. Wazee wetu walipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na yeye mitano, nikaacha skuli nikaenda kubeba magunia kwenye ghala la mchele ili yeye asome, na akasoma kweli, sasa anasomesha jografia (na sisi nyumbani anatusomesha vilevile, bila ya kuombwa). Kwa hivyo posa yake ilipokuja, walii wa kumuoza ni mimi, baba ni mimi, ami ni mimi, nikavimba kama andazi. Raya alinipa sharti moja tu.

"Kaka, wakishasema neno lao, wewe waambie tupeni muda. Usikubali siku ileile. Nnataka kwanza nijue kama wataniacha nisomeshe."

"Kwani mimi mtoto?" nikamjibu. Na kwetu kila mtu anajua, walii anayekubali papo kwa papo ni kama mwenye samaki wa tangu asubuhi, anataka wamtoke tu.

Balaa lilianzia kwenye kiyoyozi. Likizo ya katikati ya muhula imeingia, wanangu wawili, Faisal na mdogo wake, wako nyumbani, wageni wanakuja Ijumaa baada ya Alasiri, na kiyoyozi cha majlis yetu, chumba cha wageni, pale nyumbani Ansab, Maskati, kikafa Jumatano. Fundi akasema atakuja Jumapili. Mtu mwenye akili angefungua madirisha. Mimi nikatangaza kwamba posa tutaipokea pwani, Azaiba, chini ya hema la kukodi, na zulia na mito na watoto wakiogelea, ili wageni waone kwamba mayatima hawa wamekuwa watu wenye nafasi.

Raya akanionesha simu yake. "Kaka, Ijumaa kuna mvua na upepo wa kaskazini. Baridi."

"Baridi, Maskati? Mimi nnakaa mji huu tangu wewe hujaota meno."

Salma akatia majaketi ya watoto garini, mimi nikayatoa moja moja, na mahali pake nikaweka feni mbili za betri. (Feni bado ninazo, anayezitaka aje azichukue.)

Tulipofika jua lilikuwa linawaka, nikamtazama Raya kwa lile jicho la "unaona?", na nadhani jicho hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu haikupita nusu saa likaja wingu jeusi kutoka upande wa bahari, ukaja na upepo unaokata masikio, halafu mvua, na ndani ya mvua vijiwe vya barafu kama punje za dengu, watoto wakapiga kelele za furaha kisha wakapiga za kilio, wakakimbilia garini meno yakigongana. Hema likang'oka. Mimi sifa yangu moja duniani ni kwamba nikishika kitu sikiachii, basi nikashika kamba, nalo hema likanikokota mchangani mpaka majini, mpaka kifuani, na kilemba changu kikaondoka peke yake.

Kijana mmoja akashusha kioo cha gari, simu mkononi ananipiga picha. "Ami, liachie! Likikutaka litarudi!"

Nikaliachia. Halijarudi.

"Baba Faisal, vua hiyo kanzu, utakufa," Salma akasema, na nguo kavu iliyokuwepo, nyinyi mnaonisikiliza, ilikuwa moja tu, doti ya kanga ya marehemu mama ambayo Salma aliizungushia sufuria ili pilau isipoe. Kipande nikajifunga kiunoni, kipande nikajitanda mabegani, nikanukia bizari. Mama aliinunua kwa ajili ya jirani mmoja mdaku, zamani sana. Jirani amekufa, mama amekufa, maandishi yangali palepale mgongoni pangu: UMEKUJA KUCHUNGULIA, RUDI UKASEME.

Na hapo ndipo wageni waliposhuka garini. Mzee Humud kavaa joho zito jeusi, mkewe Bi Shemsa koti mpaka magotini, mtoto wao Yahya, ndiye mposaji, kajifunga skafu. Watu wale waliangalia hali ya hewa kabla ya kutoka! Tukajibanza kwenye kibanda cha saruji cha pale pwani, wanaume benchi hili, wanawake lile, na Mzee Humud, kwa adabu zake, hakuniangalia chini ya shingo hata mara moja.

"Ndugu yetu Khalfan," akasema, "tumekuja kumposa binti yenu Raya kwa mtoto wetu Yahya. Nyinyi mnasemaje?"

Nilitaka kusema tupeni muda. Mdomo ukatoa "tu-tu-tu" kama pikipiki isiyotaka kuwaka, na kichwa changu, kwa baridi ile, kikawa kinakwenda juu na chini, juu na chini, wala sikiwezi.

"Alhamdulillahi, amekubali!" Mzee Humud akainua mikono kusoma Fatiha. Nikazidi kuhangaika kukataa, nikazidi kutikisa kichwa.

"Hajakubali!" Ilikuwa sauti ya Raya. "Kaka yangu anatetemeka tu!"

Binti anayeposwa hapigi kelele mbele ya wakwe, hasikiki hata kukohoa. Nikatamani lile hema lije linichukue.

"Kweli, Khalfan?" Mzee Humud akauliza, na kichwa changu kikamjibu ndiyo, kama kilivyokuwa kikijibu kila kitu. Akavua joho lake. "Jawabu la mtu mwenye baridi halishikwi. Mfunikeni kwanza."

"Ngoja usimfunike," akasema Bi Shemsa, "nisome." Akasoma mgongo wangu kwa sauti, neno kwa neno, kisha akacheka mpaka akashika nguzo. "Basi nnarudi nikaseme! Nimechungulia, nimemuona binti mwenye ulimi wake. Mwanangu, unataka nini?"

"Nnataka nisomeshe," Raya akasema, macho chini lakini sauti juu.

Bi Shemsa akamtazama Yahya, Yahya akasema yeye hana neno.

"Somesha, mwanangu. Na uanze na huyu kaka yako."

Lilipoingia joto la joho, ulimi wangu ukafunguka, nikasema kwa heshima zote, wakati hakuna tena aliyekuwa anauliza: "Tupeni muda."

Wakatupa wiki. Safari hii nilimuuliza Raya mwenyewe, uso kwa uso, akasema ndiyo, na Ijumaa iliyofuata nikawapokea majlisini kiyoyozi kikiwa kimetengenezwa, nami nimevaa jaketi. Nimeapa kwamba jambo la mtu silijibu tena kabla sijamuuliza mwenyewe, hata kama nilimlea, na pwani siendi kabla sijamuuliza Raya. Joho nimelirudisha kwa mwenyewe. Kanga nimeirudisha kwenye sufuria.