Fundi Awadhi na Vinguzo vya Shaba

Pale Nkowe ukiulizia fundi baiskeli utaelekezwa kwa Awadhi. Ukiulizia mtu mbishi, utaelekezwa hapohapo. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akipokea baiskeli mpya zikiwa kwenye maboksi na kuziunganisha barazani kwake, huku mkewe, Zuhra, akishona nguo hatua tatu kutoka alipo. Karatasi ya maelekezo hajawahi kuisoma. Kila boksi hulitendea namna moja: anatoa vyuma, anatupa vifuko na vikorokoro vyote, kisha anasema, "Hivi ni vya safarini tu."

Mwaka huu akataka kuunda kompyuta.

Sababu yake ilikuwa nzuri kuliko ubishi wake. Shule ya kata ina kompyuta kumi na moja mbovu, zimefungiwa stoo mwaka wa tatu, eti hakuna fundi. Mimi, niliyerudi nyumbani na shahada yangu, nilikuwa nalipigia kelele jambo hilo kila kijiwe. Wanafunzi wanachorewa kibodi ubaoni, na kibodi zenyewe zinaliwa na vumbi nyuma ya kufuli! Siku moja Awadhi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa wewe msomi, umefungua hata moja?"

Sikuwa nimegusa hata skrubu. Yeye akaenda kwa Mwalimu Felomena, mtunza ufunguo wa stoo, wakakubaliana. Shule ingeleta vipande vya kompyuta moja mpya kutoka Nachingwea, Awadhi aviunganishe. Ikiwaka, anakabidhiwa ufunguo. Isipowaka kufikia Jumamosi saa sita, zile mbovu zote zinapakiwa kwenye gari la vyuma chakavu.

Jumamosi asubuhi Felomena akatukuta barazani, ufunguo mkononi, karatasi ya kuidhinisha chakavu kwapani.

"Mtani, nimekuja na vyote viwili. Sisi Wangoni hatuendi vitani na silaha moja."

"Vita gani? Mlikuwa mnakimbiza kuku tu," Awadhi akajibu bila kuinua kichwa. "Kaa hapo, mtani. Kompyuta ni baiskeli isiyo na magurudumu."

Alikuwa ameshika bodi, ule ubao mpana wa kijani unaobeba kila kitu cha kompyuta. Akailaza ndani ya kasha, juu ya bati lenyewe, akaikaza kwa skrubu tisa. Soketi za nyuma hazikulingana na uwazi wa kasha. Zilikuwa chini kidogo.

"Waliotengeneza wamekosea vipimo," akasema, akachukua tupa na kuanza kulikwangua kasha jipya la watu.

"Baba Mwamina," Zuhra akaita kutoka kwenye cherehani, "waliotengeneza wamekosea, au wewe?"

"Mama Mwamina, shona."

Alipomaliza, akalitikisa kasha kwa fahari. "Hii hata ukiifunga kwenye bodaboda mpaka Malolo, haichezi!"

Akawasha. Feni ikazunguka robo, ikasimama. Akarudia. Robo tena, kimya. Mara ya tatu hata hiyo robo haikufika. Felomena akaitandaza karatasi ya chakavu pajani, akaanza kutafuta kalamu, taratibu mno, kama mtu asiyetaka kuipata.

Wote wakanigeukia mimi msomi. Nikasema labda ni umeme. Zuhra akabonyeza swichi ya taa. Ikawaka vizuri kabisa.

Awadhi hakubisha, na hilo ndilo lililotutisha. Alifungua skrubu moja moja, akaitoa bodi, akaigeuza. Mgongo wake ulikuwa umejaa ncha ndogondogo za risasi ya kulehemu, kali kama makapi ya mpunga. Akazipapasa kwa kidole, akaliangalia lile bati, kisha akaangalia baiskeli iliyoegemea ukuta, taa yake ya dainamo ikining'inia.

"Astaghfirullah," akasema polepole. "Waya uchi umegusa fremu. Miaka yote nawafokea watu: waya ukigusa fremu, taa haiwaki. Mimi leo nimelaza nyaya mia juu ya fremu, na nikakaza!"

"Kwa hiyo inatakiwa iinuliwe?" Felomena akauliza.

"Iinuliwe, isimame juu ya vijiguu." Akashika kichwa. "Kulikuwa na kifuko. Vinguzo vidogo vya shaba. Nimevitupa juzi."

"Vya safarini tu," Zuhra akamkumbusha. Akainuka, akaleta kopo lake la vifungo, akalimwaga kwenye mkeka. Kati ya vifungo vya mashati kulikuwa na vinguzo vinane, vinang'aa. "Vilinipendeza. Cha tisa kimeshika mguu wa cherehani yangu, na hicho hukipati."

Awadhi akavifunga vinane kwenye bati, akailaza bodi juu yake. Soketi zikaingia kwenye uwazi wake sawasawa, isipokuwa pale alipokuwa amekwangua. Tundu la tisa likabaki wazi. Saa sita kasorobo akawasha. Feni ikazunguka, ikaendelea, na kioo cha kompyuta kikatoa maandishi meupe.

Felomena akaichana karatasi, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha Awadhi. "Mtani, Jumatatu asubuhi. Na tupa uiache nyumbani."

"Tupa naiacha. Kopo la Mama Mwamina nakwenda nalo."

"Kopo langu haliendi peke yake," Zuhra akasema, akivirudisha vifungo kimoja kimoja. "Nitalibeba mwenyewe, na karatasi za maelekezo nitasoma mimi."

Awadhi akautumbukiza ufunguo ndani ya kopo, kati ya vifungo.